Kielelezo Namba Nne

Betri ilipima volti kumi na mbili na nukta saba, na Bi Mita akachukia.

Alikuwa na haki ya kuchukia. Betri nzima ndicho kitu asichokitaka kabisa asubuhi ile. Ingekuwa mbovu, ina seli iliyokufa au maji yaliyokauka, upelelezi ungekwisha kabla ya chai: betri imechakaa, si kosa la mtu, mtuhumiwa avae viatu vyake aende nyumbani. Lakini betri hiyo ilichajiwa stoo tangu juzi, ikachomolewa, ikapumzishwa, na sasa imekaa juu ya meza ya vielelezo ikiwa na afya kumshinda hata mtunza stoo mwenyewe, ambaye kifua kilikuwa kinambana tangu mvua zilipoanza.

"Kielelezo namba nne," mtunza stoo akasoma daftarini, kidole kikifuata mstari. "Betri moja ya boti, nyeusi, ina kamba ya kubebea. Inatoka kwa sababu gani?"

"Kipimo."

"Inarudi lini?"

"Leo leo. Faili linaondoka saa nane, na mimi nitakuwa nimemaliza."

"Saa nane na dakika moja nakufuata huko huko uliko, Afande. Kitu kikishaingia humu ni cha hakimu. Mimi na wewe tunakiazima tu." Akakohoa, akamgeuzia daftari atie saini.

Jina lake la kazi lilikuwa refu na lilianza na Inspekta, lakini kituo kizima kilimwita Bi Mita, kwa kuwa ndani ya pochi yake, kati ya leso na funguo, hakosi mita ya kupimia umeme, ya njano, iliyofungwa kwa mpira. Ilikuwa ya marehemu baba yake, fundi umeme wa magari, aliyemlea gereji na kumfundisha kuuliza waya kwanza, watu baadaye. Kwa ajili ya mita hiyo kila kesi yenye injini ilitupwa mezani kwake, iwe trekta, jenereta au mashine ya kusaga. Safari hii ilikuwa boti ya zahanati.

Habari yenyewe ilikuwa fupi na mbaya. Siku tano nyuma, saa sita mchana, boti ya zahanati iliondoka na mwanamke aliyekuwa na uchungu wa kuzaa na anayevuja damu, kumvusha ziwa hadi hospitali kubwa ya upande wa pili. Katikati ya maji, magugu yalijisokota kwenye propela. Nahodha akazima injini, akaiinua, akakata magugu kwa kisu, kazi ya dakika kumi. Alipozungusha ufunguo, stata iliguna mara moja ikanyamaza. Redio ya kuitia msaada ilitumia betri hiyo hiyo, nayo ikawa bubu. Wakaelea mpaka jua likazama, na kabla halijazama mwanamke alikuwa ameshakata roho, na mtoto tumboni. Nesi aliyekuwa anamsindikiza, akimshika mkono saa zote hizo, alikuwa dada yake wa tumbo moja. Ndiye aliyefika kituoni na gauni lililokauka damu akasema: huyu nahodha ameniulia mdogo wangu.

Nahodha mwenyewe hakujitetea. Siku nne mahabusu, jibu lake lilikuwa moja: andikeni mnavyotaka.

Na Mkuu wa Kituo alikuwa tayari ameandika. Chini ya benchi la boti wamekuta spika, na waya mbili zinazokwenda kwenye betri. Siku moja kabla ya safari kulikuwa na mechi kubwa. Nahodha amesikiliza mpira, ameimaliza betri, kesho yake mtu amekufa. "Hesabu ya darasa la pili," Mkuu alisema. Bi Mita aliomba asubuhi moja tu ya kuikagua injini, akapewa kwa shingo upande.

*

Gatini, boti ilikokokotwa baada ya msiba, alimkuta Fundi Kimya amekaa ukingoni mwa boti, miguu majini. Ndiye aliyekuwa akiitengeneza injini hiyo tangu inunuliwe. Watu walimpa jina la Kimya kwa kumtania, maana tangu wamjue hajawahi kufunga mdomo.

"Afande, mimi nilishawaambia wenzako hii injini ni nzima. Farasi arobaini hizi. Injini za sasa bila betri haziungurumi, lakini huyu bibi wa zamani ukishamwasha hata betri uitupe ziwani ataendelea tu. Nilimwambia yule koplo mnene, akaniambia nisubiri kuulizwa, sasa mimi nisubiri nini wakati..."

"Nimekuja kukuuliza. Anza na spika."

Waya za spika zilipita chini ya mbao. Bi Mita akazikata kipande, akaubambua mpira wake kwa wembe. Shaba ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Akashika ncha huku na huku kwa mita. Mita haikusema kitu.

"Hii ilipitisha umeme lini?"

"Hiyo? Haijaimba tangu mwaka juzi! Maji yaliingia. Nahodha alikuwa anasema ataing'oa, atanunua nyingine, mara hana muda..."

Bi Mita akaandika kwenye karatasi yake: spika imekufa zamani. Hadithi ya mechi imetoka. Akahisi furaha kidogo, akaikatiza haraka, kwa sababu alijua kumtoa mtu kwenye uongo si sawa na kumtoa mahabusu.

Akaifunga betri mahali pake. "Washa."

Stata ilizunguka mara moja tu na injini ikaunguruma. Bi Mita akapiga magoti, akaweka ncha za mita juu ya betri. Kumi na mbili na nukta nne. Akamwashiria fundi aongeze moto. Injini ikapiga kelele, maji yakachafuka nyuma, ndege wakaruka kutoka juu ya bati la ghala. Kumi na mbili na nukta nne. Akasubiri dakika tano kwa saa ya mkononi. Kumi na mbili na nukta tatu.

"Zima. Ilitakiwa kupanda hadi ngapi?"

"Kumi na nne, au karibu na hapo." Fundi alikuwa ameacha kuchezesha miguu. "Haichaji, Afande."

"Haichaji. Betri ni nzima, lakini kila safari inatumika na hairudishiwi kitu. Sasa tufuate njia."

Wakafungua kifuniko. Umeme wa injini ya boti una njia fupi: chini ya gurudumu kubwa la juu kuna koili zinazouzalisha, kutoka hapo unaingia kwenye kiboksi cha rektifaya kinachounyoosha ili betri iweze kuupokea, kisha unapita kwenye fyuzi na kuingia betri. Bi Mita alianza na mwisho. Fyuzi ilikuwa nzima, ya zamani, imeshikamana na kitako chake kwa kutu ya kijani kiasi kwamba ilibidi aitikise kwa koleo.

"Umewahi kuibadilisha?"

"Hata siku moja. Hiyo ilikuja nayo kutoka dukani."

Akazichomoa waya mbili za njano zinazotoka kwenye koili, akaomba injini iwashwe tena. Namba zikapanda na kushuka pamoja na mlio, bila kusita. Koili nzima. Kikabaki kiboksi. Injini ikazimwa, akakipima miguu yake mmoja mmoja, mbele kisha nyuma. Rektifaya nzima inapitisha umeme upande mmoja na kuuzuia upande wa pili. Hii haikupitisha kokote. Akaifungua skrubu mbili, akaigeuza. Mgongo wake ulikuwa umetutumka malengelenge, na harufu ilikuwepo bado.

"Imeungua," Fundi Kimya akasema.

"Haijichomi yenyewe. Unajua njia ngapi za kuiua?"

"Mbili. Ukigeuza nguzo za betri, chanya mahali pa hasi. Au..."

"Ukigeuza nguzo, nini kinakatika kwanza?"

"Fyuzi."

"Na fyuzi ni ile iliyotoka dukani. Kwa hiyo nguzo hazijageuzwa. Njia ya pili?"

Fundi aliangalia maji. Bi Mita alimjibia mwenyewe, kwa kuwa kosa hilo alilijua tangu utoto. Baba yake aliwahi kununiana na ndugu yake miezi miwili mizima kwa ajili yake. "Betri ikitolewa huku injini inaunguruma, umeme wa koili unakosa pa kwenda. Unapanda, unaichoma rektifaya. Unaweza kufanya hivyo mara moja ukasalimika, hata mara kumi. Kisha siku moja inakufa, na injini inaendelea kuunguruma kama kawaida, na hakuna anayejua. Nani anatoa betri kwenye injini inayounguruma?"

"Mimi sijui, Afande."

"Kamba ya kuwashia kwa mkono iko wapi?"

"Ilikatika mwaka jana, na springi yake ikavunjika. Tuliomba kifaa, tukaambiwa tusubiri. Mpaka leo tunasubiri."

"Kwa hiyo bila betri yenye nguvu haiwaki kabisa."

"Haiwaki."

Bi Mita akagusa nguzo za betri. Betri nyingine zote alizowahi kukagua zilikuwa na nati za kawaida, za spana. Hizi zilikuwa na nati zenye masikio mawili, za kufungua kwa vidole, na masikio yenyewe yalikuwa yanang'aa kwa kushikwashikwa. Betri ilikuwa na kamba ya kubebea, mtu ameisuka vizuri, akaifunika kitambaa ili isikate kiganja.

"Nati hizi ulizifunga wewe."

"Mimi."

"Nani alikutuma?"

Kwa mara ya kwanza jina lake lilimfaa. Alichukua kifuniko cha injini, akakifuta kwa shati lake, akakigeuza akakifuta upande wa pili.

"Afande, mimi nina watoto wanne," akasema mwishowe. "Wawili wa mwisho wamezaliwa pale zahanati. Usiseme nimesema mimi. Ni Nesi."

*

Zahanati ilikuwa ncha ya rasi, nusu saa kwa pikipiki ya kituo. Bi Mita aliifunga betri kwenye kiti cha nyuma kwa mpira, akaendesha pole pole, akijiambia kwamba huenda kuna maelezo mengine. Alijua hakuna.

Lilikuwa jengo la vyumba vitatu na baraza. Barazani, peke yake kwenye benchi, alikaa mwanamke mwenye tumbo lililoshuka, kadi ya kliniki mapajani. Alipoiona pikipiki alisimama kwa shida, uso ukamng'aa.

"Mmeturudishia betri!"

"Bado, mama. Kaa, usijichoshe. Una muda gani?"

"Nesi anasema wiki mbili, pengine pungufu." Akakaa, akashusha sauti. "Dada, wewe ni wa kituoni. Mume wangu anakula? Yule nahodha. Nampelekea chakula, kinarudi nusu."

Bi Mita alikuwa hajajua kwamba nahodha ana mke wa namna hii. Halikuwemo kwenye faili. "Anakula kidogo," akasema. "Na Nesi anakupima? Baada ya yote haya?"

"Ananipima. Hanisemeshi ila kwa kazi. Lala, inuka, njoo Jumatatu. Lakini ananipima vizuri, kama zamani." Akaipapasa kadi yake. "Nimlaumu nini? Kafiwa. Na mwingine ni nani? Kutoka hapa hadi kule kwenye minara ya simu hakuna mkunga mwingine."

Nesi alikuwa chumba cha kuzalishia, anapanga vifaa kwenye sinia. Mwanamke wa makamo, mrefu, macho makavu ya mtu aliyemaliza kulia akaona bado kuna kazi. Hakugeuka.

"Mmeshamshtaki?"

"Faili linaondoka saa nane. Nina maswali machache, Sista."

"Nilishasema yote."

Bi Mita aliangalia chumba. Kitanda, mzani wa watoto, taa ya dari isiyo na globu. Ukutani kulitundikwa taa ndogo yenye waya mrefu, na mwisho wa waya vibanio viwili vya meno, chekundu na cheusi. Chini yake, juu ya kimeza cha mbao, kulikuwa na alama ya mraba iliyoungua rangi. Hakuhitaji kupima, betri iliyoko nje ingekaa pale bila kuzidi wala kupungua. Kisha akaliangalia koti jeupe la Nesi. Upande wa kushoto, pale nyongani, kulikuwa na vitundu vidogo vidogo, vingi, kingo zake njano. Suruali zote za baba yake zilikuwa na vitundu kama hivyo, mahali pale pale, kwa asidi ya betri alizobeba ubavuni.

"Ulikuwa unaibeba mwenyewe?"

"Nini?"

"Betri ya boti."

Nesi akaweka mkasi kwenye sinia. "Sola ya zahanati ilikufa mwaka jana. Nimeandika barua tatu. Mzazi akija usiku nimzalishe kwa tochi ya mdomoni? Ndiyo, niliibeba. Ni kosa?"

"Injini ilikuwa inazimwa?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu taa inaila betri. Mzazi akizidiwa saa tisa za usiku, nataka kumvusha, stata isizunguke, nitamwambia nini? Kwa hiyo boti iwe inaunguruma tayari pale chini. Nachukua betri, nazalisha, narudisha. Tulikuwa waangalifu, Afande. Tulifikiria kila kitu."

"Nani alisema kwanza isizimwe?"

Nesi aligeuka sasa. Alikuwa mwerevu, na swali lilikuwa limemfikia kabla halijaisha. "Mimi. Yeye alitaka kuizima, nikasema usizime, nipe betri tu. Kwa nini unaniuliza hivyo?"

Bi Mita alimweleza. Alitumia maneno mepesi kadiri alivyoweza: koili, kiboksi, umeme uliokosa pa kwenda. Alitoa rektifaya mfukoni akamwonyesha malengelenge. Alimwambia kwamba tangu iungue betri haikurudishiwa umeme, ila ilipungua safari kwa safari, na siku ile ilikuwa imebaki na nguvu ya kuwasha mara moja tu. Hakuna njia nzuri ya kumwambia mtu jambo kama hilo, na yeye hakuipata.

Nesi alikwenda kwenye kabati, akatoa daftari la uzazi. Alipitisha kidole kurasa mbili, midomo ikihesabu.

"Waliozaliwa usiku, kwa taa hii, ni kumi na mmoja," akasema. "Wa mwisho ni wa wiki tatu zilizopita. Mke wa mwalimu, mtoto wa kike. Alitoka na kitovu shingoni. Bila taa nisingekiona." Akafunga daftari. "Kwa hiyo ilikufa siku ile. Au ya kabla yake."

"Siwezi kujua ni ipi."

"Haina tofauti."

Alikaa kwenye kile kiti cha mzunguko anachokalia akizalisha. Akaibana mikono katikati ya magoti. Bi Mita alitamani Nesi apige kelele, amkatalie, amwite mwongo. Ingekuwa rahisi kwao wote wawili.

"Saa zote zile," Nesi akasema, "namshika mdogo wangu mkono, namtukana yule mwanamume. Namwambia umetuua. Akawa ananitazama tu, hajibu. Alijua?"

"Rektifaya hakuijua. Lakini nadhani majini pale alifikiri akaelewa kwamba ni mambo ya betri. Mkono ulioifungua ni wake, uliotaka ni wako."

"Na hakusema."

"Mpaka leo asubuhi hajasema."

Nesi akasimama, akalivua koti, akaviangalia vile vitundu kama anaviona mara ya kwanza, akalivaa tena. "Niandike. Yote, kama nilivyosema. Nimpime huyu wa nje, nifunge mlango, nije kutia saini."

Alikwenda mlangoni. "Mama, ingia," akaita, na sauti yake, iliyokuwa kavu siku nne, ilikatika katikati.

Bi Mita alitoka akapita kando ya mke wa nahodha, akaifungua pikipiki. Betri ilikuwa pale kwenye kiti, nzima, imejaa. Hatua ishirini kutoka pale ilipo hadi kwenye kile kimeza. Aliziangalia hatua hizo. Kisha akafikiria saini yake daftarini, akawasha pikipiki.

*

Mkuu wa Kituo alikuwa anakunywa chai, faili limefungwa mbele yake kwa utepe.

"Umechelewa, Bi Mita. Amekiri."

"Nani?"

"Una watuhumiwa wangapi? Nahodha. Saa tano aliita mwenyewe, akasema alisikiliza mpira siku ya kabla, akaimaliza betri. Ametia dole gumba."

"Waya za spika zimekufa tangu mwaka juzi. Nimezipima. Rektifaya imeungua, hii hapa, na najua imeungua vipi. Mkuu, hakusikiliza mpira wowote."

Mkuu aliigeuza rektifaya mkononi, akairudisha mezani kwa adabu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafaili arobaini na madereva wawili. "Sikia, Afande. Mtu mwenye akili timamu amekiri kosa, mbele ya shahidi, bila kupigwa. Wewe unaniletea kidude cha chuma. Nikipeleka hivi viwili pamoja, mwendesha mashtaka atasoma kipi?"

"Nataka ripoti yangu iingie faili."

"Iandike. Itaingia nyuma." Akanywa chai. "Na huyo unayetaka kumweka mahali pake, ana nani wa kushika kazi yake?"

Hapo Bi Mita akatambua kwamba hata Mkuu alikuwa anajua, au alikuwa anakisia na hataki kujua. Alitoka bila kupiga saluti.

Nahodha alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, mgongo ukutani, sahani ya chakula pembeni, nusu yake imebaki. Mwanamume mfupi, mabega mapana, mikono ya makovu ya kamba.

"Mechi iliisha ngapi ngapi?" Bi Mita akauliza kupitia nondo.

Nahodha akainua uso. "Ipi?"

"Uliyoisikiliza."

Karibu atabasamu. "Afande, usinihangaishe. Nimeshamaliza."

"Nimetoka zahanati. Nimeona taa. Nesi amesema yote, na anakuja kutia saini."

Alisimama haraka kuliko Bi Mita alivyotegemea, akashika nondo kwa mikono miwili. "Mzuie."

"Siwezi kumzuia mtu kusema kweli."

"Mama, nakuomba. Ulimwona mke wangu?"

"Nimemwona."

"Wa kwanza alitoka miguu mbele. Nesi alihangaika naye usiku kucha, wakapona wote wawili. Huyu amekaa vile vile, Nesi mwenyewe kaniambia. Sasa wewe ukimfunga Nesi, mke wangu anazalishwa na nani? Na wewe?" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Nati nilizifungua mimi. Boti ni yangu kuitunza. Ukiandika ukweli wako utatufunga wote wawili, mimi sitoki. Si ndivyo?"

Bi Mita aliijua sheria: anayeendesha chombo ndiye anayekijibia. Nesi akija na saini yake, nahodha angebaki pale pale, pungufu miezi michache labda, na zahanati ingefungwa kufuli. Na asipokuja, atabaki huko rasi akijua, akizalisha wake za watu kwa mikono ile ile.

"Ndivyo," akasema.

"Basi acha." Akarudi ukutani, akakaa. Kisha akauliza kwa sauti nyingine, ya kawaida, ya mtu anayeulizia kazi yake, "Boti haiendi, hilo najua. Lakini betri si mmeipeleka kule? Huwa wanazaa usiku, wa kwetu. Huyo wa kwanza alikuja saa nane za usiku. Nesi haoni bila ile taa."

Bi Mita aliitazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tatu.

*

"Umewahi," mtunza stoo akasema.

Bi Mita aliiweka betri mezani. Bega lilimuuma, na alipojitazama aliona kitone cha asidi kimeshatoboa sketi yake ya kazi, upande wa kushoto, nyongani.

"Nikitaka itoke tena. Si kwa kipimo. Iende kutumika."

"Kielelezo kitumike?" Mtunza stoo alimwangalia kuona kama anatania. "Mpaka hakimu aseme, Afande."

"Hakimu anakuja lini?"

"Mwezi ujao, barabara ikipitika. Na siku hiyo kesi itatajwa tu. Kusikilizwa ni baadaye." Akakohoa, akafungua daftari, akalowesha kidole. "Kielelezo namba nne, kimerudi saa saba na dakika hamsini na tisa. Hali yake?"

Bi Mita akatoa mita pochini. Hakukuwa na haja, lakini mikono yake ilihitaji kitu cha kufanya. Aligusa nguzo moja, akagusa ya pili.

"Nzima," akasema. "Imejaa."

Mtunza stoo akaandika: nzima, imejaa. Kisha akaishika kwa ile kamba iliyofunikwa kitambaa, akaipandisha rafu ya juu, pamoja na vitu vinavyokaa sana.